Bangili Sita kwenye Maji ya Chumvi

Mjukuu wangu Nzilani amesomea kupasuka kwa aluminiamu miaka mitano. Hasomei kuiyeyusha wala kuiuza. Kupasuka tu. Watu wa kwetu Ngoliba, huku mashariki ya Thika, waliposikia anasomea udaktari walianza kuja nyumbani na magoti yao. Mzee mmoja alileta jino, amelifunga kwa karatasi. Mimi niliwapanga foleni uani, nikawaambia daktari yuko njiani, na Nzilani alipofika Jumamosi alikuta wagonjwa saba wakimngoja.

"Susu, umewaambia nini hawa watu?"

"Nimewaambia unaweza kuona mahali kitu kitapasukia kabla hakijapasuka. Ni uongo?"

"Si uongo. Lakini si magoti!"

"Hilo hawakuuliza."

Mimi pia ni Nzilani. Kwetu Wakamba mtoto hupewa jina la nyanya yake, kwa hiyo yeye ananiita Susu, nami namwita wajina. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia. Haya ninayasema, wengine wananiandikia. Na wanaonijua watakwambia nikisema mvua imenyesha, toka kwanza upapase ardhi. Ni mimi niliyewaambia watu kwamba kiboko alitoka mto Chania, akapita getini pale kwenye hoteli ya zamani karibu na maporomoko, akavuta kiti na kuagiza chai ya tangawizi. Aliyeniuliza kama alilipa, nilimwambia alilipa na akaacha bakshishi. Lakini hii ya Nzilani sitaitia chumvi. Chumvi iliyomo inatosha.

Ilianzia kwa baba yake. Mwanangu Mutinda alikuwa fundi wa rangi, na mwaka ambao Nzilani alikuwa kidato cha pili alipata kazi ya kupaka kiwanda kimoja cha ngozi hapo Thika. Kiwanda cha ngozi ni chumvi tupu. Ngozi mbichi humwagiwa chumvi zisioze, na chumvi hiyo inapanda ukutani, inaingia viatuni, inakaa kwenye kope. Ngazi aliyopanda Mutinda ilishikiliwa ukutani na vishikio vya aluminiamu, vimekazwa kwa skurubu miaka na miaka. Siku hiyo kishikio kimoja kilikatika, tap, kama biskuti. Mutinda akaja chini na kopo lake la rangi, nyonga ikavunjika. Mpaka leo anatembea kama mtu anayeruka kidimbwi.

Msimamizi alifungua kitabu cha ukaguzi. Kila asubuhi kulikuwa na tiki: ngazi imeangaliwa, ngazi ni nzima. Hata asubuhi hiyo tiki ilikuwapo, ingawa Mutinda hakumwona mtu yeyote akiiangalia hiyo ngazi hata kwa jicho moja. Na kishikio chenyewe hakikuwa na kutu, kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha wageni. Basi wakasema, ngazi ni nzima, kwa hiyo mbovu ni mtu. Alikuwa amelewa. Mutinda! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza.

Nzilani alikiokota kile kipande kilichokatika, akakiweka kwenye mkebe wake wa hesabu, pamoja na bikari na rula. Jioni moja akaja nacho jikoni kwangu.

"Susu, kitu ambacho hakijaoza kinapasukaje?"

Nikamwambia kulikuwa na mjusi mwenye meno ya almasi. Alinitazama bila kucheka. "Susu, leo nataka ya ukweli."

Ya ukweli sikuwa nayo. Akaenda kuitafuta.

Alitafuta kidato cha nne, alitafuta chuoni, akamaliza digrii ya kwanza na ya pili na bado anatafuta. Wenzake waliolewa, wakajenga, wakanunua viti vya kujizungusha. Yeye alipanga chumba kimoja Ruiru, kwenye ploti iliyo nyuma ya stesheni ya treni. Nilipomtembelea nilikuta kitanda, jiko la gesi, na mkebe ule ule wa hesabu.

Siku hiyo ndipo aliponieleza kazi yake, na akaieleza vizuri hata mimi nikashika. Ana pete nene za aluminiamu iliyochanganywa na zinki na shaba kidogo. Mimi naziita bangili. Kila bangili imekatwa mwanya kama mlango, na skurubu imepita katikati. Ukikaza skurubu, mlango unabanwa na mgongo wa bangili unavutika. Haionekani, lakini inavutika, usiku na mchana, kama mtu aliyebeba mtungi na kukatazwa kuutua. Kisha bangili inachovywa kwenye maji ya chumvi, inatolewa ikauke, inachovywa tena.

"Chumvi peke yake itaichafua tu," akasema. "Kuvutwa peke yake itavumilia. Lakini vyote viwili kwa pamoja, Susu, nadhani ndivyo vilivyomwangusha baba. Ufa unaanza mdogo kama unywele, unaingia ndani kimya, na kwa nje bado inang'aa."

"Unadhani?"

"Nadhani. Nikimaliza seti ya mwisho nitajua."

Seti ya mwisho ilikuwa bangili sita: nne zimekazwa, mbili hazikukazwa, ili zile mbili ziwe mashahidi. Siku thelathini. Kila saa, dakika kumi majini na dakika hamsini hewani. Chuoni kulikuwa na kimashine cha kuzichovya, lakini chuo kikafungwa kwa mgomo na maabara ikatiwa kufuli. Profesa wake, mama mmoja mrefu anaitwa Awiti, alimruhusu abebe kila kitu nyumbani kwa sharti moja: kila kuchovya kuandikwe, na saa ikikosekana hata moja, seti nzima itupwe. Na tarehe ya kukabidhi kitabu cha utafiti wake ilikuwa imesogezwa mara mbili tayari. Mara ya tatu haipo. Akipitwa, jina linafutwa na miaka mitano inamwagika.

Wiki ya kwanza pale Ruiru stima ilipotea, ikarudi kwa hasira, mota ya kile kimashine ikatoa moshi, na seti ikawa ya kutupwa. Zilibaki siku arobaini na moja kabla ya tarehe. Nzilani akanipigia simu.

"Susu, unafanya nini mwezi huu?"

"Nazeeka."

"Njoo uzeekee Ruiru. Nahitaji mikono."

Yeye asubuhi hufundisha chuo cha ufundi huko Thika ndipo apate kodi ya nyumba, akirudi ni jioni. Tukagawana: usiku wake, mchana wangu. Aliweka bangili mpya kwenye kikapu cha plastiki chenye kamba, akanipa daftari. Kila nikichovya, nichore kijiti kimoja. Simu kuukuu ililia kila saa kunikumbusha. Ilibaki kujua dakika kumi, kwa sababu ile mishale ya saa na mimi hatujawahi kusalimiana.

"Dakika kumi ninazo kichwani," nikamwambia. "Ni kiboko wa Chania, kutoka anapotoka majini mpaka anapopewa chai."

Hakuamini. Akashika saa yake, nami nikasimulia mwanzo mpaka mwisho, na mlango wa hoteli na mhudumu aliyezimia.

"Haki ya Mungu," akasema. "Dakika kumi na sekunde nne."

"Hizo nne kiboko alikohoa."

"Basi asikohoe."

Ndivyo tulivyoanza. Simu ikilia, nachovya, namsimulia kiboko kwa bangili zangu, natoa, nachora kijiti. Siku nane sikukosa. Mjukuu ananiachia chai kwenye chupa na kwenda. Akirudi anahesabu vijiti, ananipiga begani kama wanaume wafanyavyo.

Siku ya tisa Ngendo aliniharibia. Ngendo ni jirani anayeuza mboga kwenye geti la ploti, na mchana huo alipata wageni wanne. Akanipigia kelele kwa Kikuyu chake cha kumwita nyanya: "Cucu! Njoo uwaambie hawa ile ya kiboko, wanasema mimi ndiye muongo!"

Sasa mtu akikuambia hivyo utakaa? Nilikuwa ndio nimetoa kikapu majini, nikachora kijiti changu, nikaenda. Simu niliiacha kitandani. Nilisema nitarudi sasa hivi, na kweli kiboko peke yake angenirudisha kwa wakati. Lakini walicheka vizuri, na mmoja akauliza mke wa kiboko alisemaje, na mimi sikuwa nimewahi kufikiria kwamba ana mke. Nikamtafutia mke. Mke akawa na ndugu yake mamba aliyekuwa askari wa kaunti. Niliporudi ndani kikapu kilikuwa kinaning'inia kikavu kama nguo ya jana, na simu ilikuwa imelia mara mbili ikachoka. Kuchovya mara mbili kumepita.

Nilichovya haraka. Kisha nikachukua daftari, nikachora vijiti viwili pale palipokuwa wazi. Nimedanganya zaidi ya miaka sabini, mkono umezoea.

Jioni Nzilani alikuja, akahesabu, akatabasamu.

"Hakuna hata kimoja kilichokosekana. Susu, unajua Profesa Awiti aliniuliza nini leo kwenye simu? Ati nitamwamini vipi mtu asiyejua kusoma atunze rekodi. Nikamwambia Susu wangu anadanganya kuhusu viboko, anadanganya kuhusu umri wake, anadanganya kwamba hajala. Lakini daftari hili ni la baba, na kwa hilo hawezi."

Akaanza kusonga ugali. Mimi nikakaa na lile daftari magotini. Vijiti vyangu viwili vilikuwa vimesimama wima na vingine, vizuri kabisa, hakuna ambaye angevijua. Na mimi nikaona ile tiki. Tiki ya kiwanda cha ngozi, ya asubuhi ile. Mtu aliyeiandika hakuwa na ubaya na Mutinda. Pengine alikuwa ameitwa mahali, pengine alikuwa anacheka na wageni. Aliona nafasi iko wazi, akaijaza.

"Wajina," nikasema, "hivi viwili si vya kweli."

Mwiko ukasimama. Nikamweleza yote, Ngendo, wageni, mke wa kiboko. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele. Alizima jiko, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, akalichukua daftari. Akachora mstari mmoja kutoka kona hadi kona, kisha akaandika kitu chini.

"Umeandika nini?"

"Kuchovya mara mbili kumekosekana, mtunza daftari alijaza, seti imetupwa."

"Umeandika jina langu?"

"Nimeandika Nzilani. Hilo ni letu wote wawili."

Ugali ulipoa. Yeye akawa anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Zimebaki siku thelathini na mbili. Moja ya kuchonga bangili mpya, thelathini za kuchovya. Inabaki moja ya kuandika."

"Moja inatosha?"

"Itatosha. Lakini kesho nafundisha kutwa, na Gachau alisema hana nafasi mpaka wiki ijayo."

"Gachau niachie mimi."

Gachau ni fundi wa kuchonga vyuma, ana kibanda kando ya mtaa wa Kiandutu huko Thika, ndiye aliyechonga zile za kwanza. Asubuhi nilifika kabla hajafungua, na kipande cha bomba la aluminiamu kilichobaki tangu hapo nimekibeba kwenye kiondo kama mtoto.

"Cucu, mbona mapema? Kuna aliyekufa?"

"Bado. Nataka bangili sita leo."

"Leo? Nina shafti za posho mill tatu za kusaga unga, watu wamenilipa. Njoo Jumatano."

"Jumatano mjukuu wangu atakuwa amefutwa."

"Si mlikuwa na sita jana?"

"Niliziharibu mimi. Kwa mdomo."

Akaweka chini ufunguo wake. "Kwa mdomo? Ulizitafuna?"

Nikamweleza. Nilimweleza bila kuongeza kitu, na nakwambia ilikuwa ngumu, kwa sababu palikuwa na mahali pazuri sana pa kumtia mamba. Gachau alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha grisi.

"Yaani Cucu mzima ulikamatwa na hadithi yako mwenyewe."

"Cheka ukiwasha mashine."

"Na kama sitawasha?"

"Nitakaa hapa mlangoni, na kila mteja akija nitamsimulia jinsi ulivyozaliwa na mkia."

"Cucu!"

"Nao watataka kuuona."

Akawasha. Lakini nisimdharau, kazi aliifanya kwa heshima. Kila bangili aliipima mara tatu, moja akaitupa kwa sababu ilizidi unene wa karatasi, akachonga nyingine. Saa kumi jioni nilizipokea sita, zimefungwa kwa gazeti. Nilimuuliza watu wa shafti je. Akasema atawaambia nyanya mmoja wa Ngoliba alimshikia panga. "Na ukiulizwa, Cucu, ukubali."

"Nitasema lilikuwa na damu."

Jioni hiyo Nzilani alizikaza nne kwa mkono wake, akipima kila moja, na mbili akaziacha zimelegea. Tukaanza upya. Simu niliifunga kwa kamba shingoni. Ngendo aliponiona akasema, "Cucu, hiyo sasa ni simu ama ni kengele ya mbuzi?" Nikamwambia ni ya mbuzi, na mbuzi haendi mahali. Akitaka kiboko aje yeye.

Akaja. Alileta kigoda chake na sukuma wiki za kukatakata, na wateja wake wakaanza kumfuata humo ndani. Wakisikia simu inalia wanajipanga mlangoni. Nasimulia dakika kumi, natoa kikapu, nachora kijiti, nawafukuza. Kiboko akiwa hajapewa chai ni shauri yao. Kijana wa boda boda mmoja aliniambia alikosa abiria watatu akingoja kujua kama mhudumu aliamka. Mke wa kiboko sikumtaja tena. Huyo alikuwa anazidisha dakika.

Kulikuwa na siku ya homa; nilichovya nimejifunga blanketi. Kulikuwa na mazishi ya mwenzangu wa kanisa huko Ngoliba. Nilituma salamu, nikalia hapo hapo kando ya ndoo. Nzilani alikonda, macho yakaingia ndani, lakini kila alfajiri nilipoamka nilikuta vijiti vyake vimesimama. Hatukuulizana. Kila mtu alihesabu vya mwenzake, ikaisha.

Siku ya kumi na tisa, karibu saa saba mchana, nilitoa kikapu nikaona kitu kwenye mgongo wa bangili iliyokazwa zaidi. Nilidhani ni unywele wangu. Nikapuliza. Haukuondoka. Niliivaa miwani ya Ngendo juu ya macho yangu, nikakisogeza kikapu dirishani. Mstari, mwembamba, umekata kutoka upande hadi upande. Na kandokando yake bangili bado inang'aa.

Nikapiga simu. Nilisikia wanafunzi wake wakipiga makelele nyuma.

"Wajina, imepasuka."

"Susu. Hii ni ya ukweli ama ni ya kiboko?"

"Ni ya ukweli."

"Umeigusa?"

"Sijaigusa. Nimepuliza, mara moja tu. Na hiyo uandike."

"Umechora?"

"Nimechora kijiti, na kando yake nimechora unywele."

Nikasikia kiti kikianguka, kisha sauti yake: "Darasa limeisha, nendeni nyumbani."

Kabla ya siku ya thelathini zilipasuka zote nne zilizokazwa. Zile mbili zilizolegea zilikaa kwenye maji yale yale, saa zile zile, zikasikiliza kiboko yule yule mpaka akachosha, na kilichozipata ni madoadoa tu. Ile siku moja iliyobaki Nzilani aliandika bila kuinuka, mimi nikimtilia chai. Kitabu kikafika kwa wakati.

Mgomo ulipokwisha walimwita mbele ya maprofesa watano. Anasema mmoja alifungua ule ukurasa uliopigwa mstari akauliza, "Kwa nini umetuwekea seti mbovu humu?" Akamjibu, "Ili mjue jinsi ilivyoharibika." Walimuuliza mengine kwa saa tatu, mengi ya Kizungu kizito. Wakampitisha. Profesa Awiti aliniletea leso, nayo nimewaambia watu wa Ngoliba kwamba ni ya serikali.

Jumamosi iliyofuata Nzilani alikuja nyumbani. Wagonjwa walikuwepo, lakini aliwapita. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi akimenya mahindi, akamwekea mkononi bangili iliyopasuka na kile kipande cha ngazi kutoka kwenye mkebe wa hesabu. Akampa na kioo cha kukuza.

Mutinda aliviangalia kwa muda mrefu. Mstari na mstari. Aligeuza bangili, akaigeuza tena. Kisha akaileta puani, akainusa.

"Na hii nayo," akauliza, "walisema ilikuwa imelewa?"